Nani Anakunywa Mafuta ya Kanela?

Kila asubuhi ya msimu wa maharage, Asimina aliamshwa na kikohozi cha pikapu. Mama yake, Harikleia, aliiwasha kabla hata ya kunywa kahawa, akaiacha ingurume uani huku moshi wake mzito ukitanda mpaka kwenye banda la kuku. Asimina alivaa haraka, akala mkate na jibini, akachukua begi la shule na blanketi la sufu, akapanda mbele. Blanketi lilikuwa la kufunika miguu. Asubuhi za Oktoba kando ya Ziwa Prespa, kaskazini mwa Ugiriki, hazina huruma, na ndani ya pikapu ile baridi ilikuwa sawa na ya nje.

Pikapu ilikuwa ya Kijapani, na umri wake ulimzidi Asimina. Babu Lazaros, mwenye gari, aliiita Kanela, yaani mdalasini, kwa sababu ya rangi yake. Jina hilo lilikuwa la nyumbu wa mizigo aliyekuwa naye ujanani, na babu alipenda kusema kwamba Kanela wa kwanza hakuwahi kukataa mlima.

Kwenye kona ya ghala alisubiri Drita, rafiki yake Asimina. Wote wawili walikuwa na miaka kumi na miwili na walisoma darasa moja. Baba yake Drita, Agroni, alikuja kutoka Albania, ng'ambo ya milima, Drita akiwa bado anabebwa. Tangu hapo alifanya kazi katika shamba la maharage la babu Lazaros. Yeye ndiye aliyesimika miti ya kutambazia maharage, aliyepakia magunia alfajiri, na aliyekaa na ufunguo wa banda la gari.

"Sogea basi, mwenye gari," Drita alisema akipanda.

"Ingia kimya, abiria wa bure," Asimina alijibu, na wote wakajikunyata chini ya blanketi moja.

Shule ilikuwa upande wa pili wa mlima. Mama aliwashusha wasichana pale, kisha akaendelea hadi mjini Florina kupeleka maharage kwenye ghala la ushirika. Lakini asubuhi ile, chini ya kanisa dogo la Mtakatifu Eliya, Kanela ilianza kulegea. Mama alikanyaga mafuta. Injini ilinguruma kwa hasira, ila gari halikuvuta. Akashusha gia kutoka ya tatu kwenda ya pili, kisha ya kwanza. Nyuma yao trekta likapiga honi, likawapita taratibu. Dereva wake, jirani yao Stergios, aliinama kutoka kitini.

"Harikleia, nikufunge kamba nikuvute?"

"Funga mdomo kwanza, Stergios. Kamba tutaongea baadaye," mama alijibu bila kumtazama.

Wasichana walishuka ili kupunguza mzigo. Walipanda kwa miguu, wakafika kanisani kabla ya gari, wakakaa kwenye ukuta kulisubiri. Drita alipiga boneti kwa kiganja. "Pole, Kanela. Uzee hauna dawa."

Jioni ile, mezani, babu Lazaros hakugusa supu yake.

"Mwaka jana," alisema, "tangi moja la mafuta lilitupeleka sokoni, likaturudisha, na likabakiza ya shambani. Mwaka huu tangi linakauka kabla ya siku ya soko kufika. Barabara ni ileile. Gari ni lilelile. Mafuta hayana miguu, Harikleia. Yakiondoka, yameondoka na mtu."

"Mtu gani, baba?" mama aliuliza. Babu alikuwa baba mkwe wake. Mumewe alikuwa baharia, akirudi nyumbani wakati wa Pasaka.

"Nani ana ufunguo wa banda? Nani ana pikipiki?"

Asimina aliweka kijiko chini. Mtu huyo alikuwa mmoja tu. "Babu, unamsema baba yake Drita?"

"Mimi nimeuliza swali. Jibu umelileta wewe."

Kama babu angelimwambia mama tu, pengine jambo lingeishia mezani. Lakini alikwenda mkahawani, akalisema mbele ya wazee waliokuwa wakicheza karata. Kijijini pale neno likitoka mkahawani hufika kila nyumba kabla kikombe hakijapoa.

Kesho yake hapakuwa na mtu kwenye kona ya ghala. Asimina alimkuta Drita njiani, akitembea peke yake kuelekea mlimani, mikono mfukoni. Mama alisimamisha gari. Drita hakugeuka.

"Panda, tutachelewa," Asimina alimwambia kupitia dirishani.

"Sipandi gari la babu yako. Mafuta yakipungua, atasema nimeyanywa."

Shuleni mambo yalikuwa mabaya zaidi. Wakati wa mapumziko, Stratos, mtoto wa Stergios, alipita karibu na Drita akinusa hewa kama mbwa. "Jamani, mbona hapa pananuka petroli?" Wenzake wakacheka. Drita hakulia. Alimtazama tu mpaka kicheko chao kikaisha, kisha akaenda nyuma ya darasa. Asimina alimfuata.

"Baba amesema maharage yakiisha kuvunwa, tunahama," Drita alisema. "Tutaenda Larisa. Kuna watu wanatafuta vibarua wa pamba."

"Mtahamaje katikati ya mwaka wa shule?"

"Wewe ungekaa mahali unapoitwa mwizi?"

Siku nzima Asimina hakusikia alichofundisha mwalimu. Kichwani mwake alikuwa na jambo moja: kama Agroni hakuiba, na yeye aliamini hakuiba, basi mafuta yale yalikuwa yakienda mahali fulani. Na mahali hapo pangeweza kutafutwa.

Jioni alimkabili babu yake uani. "Babu, tujaze tangi mpaka shingoni. Tulifunge gari bandani, na ufunguo ulale nao wewe. Asubuhi tutazame."

Babu alikunja uso, lakini alikubali. Mama alijaza tangi hadi petroli ikaonekana mdomoni. Asubuhi walifungua kifuniko wote watatu. Petroli ilikuwa palepale.

"Umeona?" Asimina alisema.

"Nimeona mwizi aliyesikia kwamba anaviziwa," babu alijibu. Asimina alipofungua kinywa, babu aliinua mkono. "Sikiliza. Wewe unasema hakuna mwizi. Basi nionyeshe yanakokwenda. Nakupa mpaka gunia la mwisho lifike ushirika. Usiponionyesha, sitamzuia Agroni kuondoka."

Siku ya soko, mama alimpeleka Asimina kwenye karakana ya fundi Paskalis, mjini Florina, karibu na mto. Matrekta yalijaa mpaka barabarani. Fundi alitoa kichwa chini ya mojawapo, uso umejaa grisi.

"Mama Asimina, ukitaka niifungue Kanela, niachie wiki nzima."

"Wiki nzima nitabeba maharage mgongoni?"

"Fundi," Asimina aliingilia, "tuambie tu tuangalie nini. Tutaangalia wenyewe. Halivuti na linakula mafuta."

Fundi Paskalis alimtazama, akafuta mikono. "Haya, binti. Wewe mtu akikushika miguu, akakuziba pua, halafu akakushindilia chakula, utaweza kukimbia?"

"Hapana."

"Na gari ni hivyohivyo. Anza na miguu, yaani tairi na breki. Nenda puani, kwenye chujio la hewa. Kisha tumboni. Plagi, zile zinazowasha petroli ndani ya injini, zitakwambia limekula nini." Aliokota plagi moja mezani, akaonyesha ncha yake. "Hii ni ya gari lisilo na ugonjwa. Unaona rangi? Kama chai ya maziwa. Ukikuta nyeusi kama chungu cha kuni, jua petroli inaingia nyingi kuliko inavyoungua. Na kuna sharti moja."

"Lipi?"

"Gusa kitu kimoja, halafu upande mlima uleule na mzigo uleule. Kisha ndipo uguse cha pili. Ukigusa viwili kwa pamoja, hutajua kipi kilikwambia ukweli."

Walianza siku hiyohiyo. Kwenye kituo cha mafuta walipima upepo wa tairi, wakakuta zote zimelegea. Wakazijaza. Walipofika kijijini, mama alipakia magunia kadhaa nyuma ya gari yawe mzigo wa majaribio, wakashuka mpaka ziwani, wakaugeukia mlima. Kanela ilikuwa nyepesi kidogo kuliko jana, lakini kabla ya kanisa mama alilazimika kushusha gia.

"Bado," alisema.

"Bado," Asimina alikubali. "Kesho breki."

Kesho yake, baada ya mwendo mrefu, walisimama mahali tambarare. Asimina alisogeza mgongo wa mkono karibu na kila gurudumu kusikiliza joto, kama mtu anayepima homa. Breki inayong'ang'ania hupika gurudumu lake. Hakuna lililokuwa la moto kuliko mengine. Nyumbani waliinua gari kwa jeki ili wayazungushe magurudumu kwa mkono.

Agroni alikuwa akipita na toroli la miti. Asimina alimwita. "Baba Drita, njoo utusaidie jeki, inateleza."

Agroni alisimama. Alikuwa mtu mrefu, mpole, asiyependa maneno mengi. Alitazama jeki, akatazama dirisha la babu Lazaros.

"Weka ubao chini yake," alisema. "Mimi sigusi. Nikiligusa gari hili leo, kesho watasema nilikuwa naficha kitu." Akaendelea na toroli lake.

Asimina alihisi uso wake unawaka, ingawa si yeye aliyetenda kosa. Alitafuta ubao, akauweka. Magurudumu yalizunguka bila kizuizi. Breki hazikuwa na hatia.

Baadaye kidogo Drita alitokea, akaegemea ukuta wa banda. "Baba kaniambia mnapigana na jeki."

"Tumeshinda. Sasa tunakwenda puani."

"Puani kwa nani?"

Asimina alimweleza maneno ya fundi. Drita alisikiliza mikono ikiwa mfukoni. Walipofungua kasha la chujio la hewa, mikono ilitoka. Chujio lilikuwa limejaa vumbi na makapi ya maharage, na kwenye pembe moja panya alikuwa ameanza kujijengea kiota cha sufu.

"Huyu ndiye mwizi wenu," Drita alisema. "Mkamateni." Akacheka, mara ya kwanza tangu siku ile ya shuleni.

Mama alinunua chujio jipya, nao wakaenda tena mlimani, safari hii Drita akiwa katikati yao. Sauti ya injini ilikuwa safi zaidi. Asimina alikaza macho kwenye kanisa, akilivuta kwa moyo. Lakini palepale penye mwinuko mkali Kanela ililegea, na mkono wa mama ukaenda kwenye gia.

Walipoingia uani babu alikuwa kizingitini. "Mnaliosha gari vizuri," alisema. "Na magunia yanakwisha."

Usiku mama alimwambia Asimina apumzike, masomo yake yalikuwa yanalegea kama gari. Asimina alisema atafanya hesabu zake kwanza, kisha ataomba spana. Alifanya hesabu zote. Kesho yake mchana akaomba spana.

Mama alizifungua plagi, moja baada ya nyingine, na Asimina akazipanga juu ya gazeti. Zote nne zilikuwa nyeusi, zimevaa masizi makavu yaliyopaka vidole.

"Chungu cha kuni," Asimina alisema polepole. "Mama, mafuta yanaingia ndani ya injini. Hakuna anayeyatoa kwenye tangi. Yanaingia mengi na hayaungui yote."

Walizisugua kwa brashi ya waya mpaka zikang'aa, wakazirudisha. Siku hiyo Kanela ilipanda karibu mpaka kanisani kwa gia ya tatu, na Drita akaanza kuimba. Lakini baada ya safari chache ulegevu ukarudi. Walipofungua plagi tena, masizi yalikuwa yamerudi.

Drita alikaa juu ya ndoo, akashika tama. "Basi tena. Tumeshindwa."

"Hatujashindwa," Asimina alisema. Hakuinuka pale alipochuchumaa. "Tumefuta masizi tu. Moto unaoyaleta hatujauona. Tumbo limeshiba kupita kiasi. Nani analilisha?"

Asubuhi iliyofuata barafu nyembamba ilikuwa imeshika majani. Wasichana walijifunika blanketi mpaka kidevuni, na pumzi zao zilitoka kama moshi.

"Mama Asimina, usinichukie," Drita alisema, "lakini banda lenu la kuku lina joto kuliko hili gari."

"Hita imekufa," mama alisema.

"Mwaka jana haikuwa imekufa. Mwaka jana tulikuwa tunavua makoti, na wewe ulikuwa unafungua dirisha."

Asimina aliinua kichwa. Alitazama dashibodi, pale penye mshale mdogo wa kuonyesha joto la injini. Mshale ulikuwa umelala chini kabisa. Alifikiri ni kwa sababu walikuwa wametoka nyumbani sasa hivi, akangoja. Walipanda mlima wote kwa kusuasua, injini ikilia, wakafika kanisani. Mshale ulikuwa bado umelala.

"Mama, gari limepanda mlima mzima halijatoka hata jasho."

"Huo mshale umelala tangu kiangazi. Nilidhani umeharibika."

"Na kama haujaharibika? Asubuhi, gari likiwa baridi, kwa nini linatoa moshi mwingi vile?"

"Kwa sababu kabureta, inayochanganya petroli na hewa, hulibania hewa na kuliongezea petroli," mama alisema, macho barabarani. "Injini baridi haingurumi vizuri bila hivyo. Ikishapata moto, kabureta hufungua hewa, na petroli hupungua. Baba yako ndiye aliyenieleza..."

"Na isipopata moto?"

Mama alilisogeza gari pembeni, akalisimamisha kando ya ukuta wa kanisa, akageuka kumtazama binti yake. Kisha akatoa simu, akampigia fundi Paskalis.

Fundi alisikiliza mpaka mwisho, kisha sauti yake ikajaza gari. "Mpe binti simu. Binti, nilikwambia miguu, pua na tumbo. Nilisahau kukwambia upime homa."

"Halina homa, fundi. Lina baridi."

"Nayo ni ugonjwa. Njooni Jumamosi. Na mzee mwenyewe aje."

Babu Lazaros alikuja, ingawa kwa nia yake mwenyewe. Alitaka kumuuliza fundi kama Kanela ingepata mnunuzi. Alikaa kwenye kiti cha karakana, fimbo katikati ya magoti, wakati fundi akifungua bomba la maji juu ya injini. Fundi aliingiza vidole, akatoa kidude cha shaba chenye kutu, kidogo kama kikombe cha kahawa.

"Hiki ni kilango cha maji," alisema. "Sisi mafundi tunakiita thamostati. Injini ikiwa baridi, kilango hufunga, maji yasiende kupozwa, injini ipate moto haraka. Ikishapata moto, hufunguka. Ndiyo kazi yake yote."

Kwenye jiko dogo la gesi alibandika birika lake la kahawa lenye maji. "Mzee Lazaros, sogea. Usinywe hii kahawa, angalia tu."

Alitumbukiza kilango kipya kwanza. Kilikuwa kimefungwa. Maji yalipoanza kutoa mapovu, kilifunguka taratibu, kama mdomo wa ndege anayelishwa. Akakitoa, kikapoa, kikajifunga tena. Kisha akashika kile cha zamani, kikiwa baridi na kikavu, mbele ya macho ya babu. Kilikuwa wazi. Kutu ilikuwa imekibana kikashindwa kujifunga.

"Kimekaa hivi muda wote?" babu aliuliza.

"Tangu kiangazi, naona. Maji yamekuwa yakipozwa bila kukoma, injini haijapata moto hata siku moja. Kabureta ikidhani kila saa ni alfajiri, ikaendelea kumimina petroli. Na petroli isiyoungua ikawa masizi, na masizi yakaua nguvu. Haya mengine, tairi na chujio, yalichangia."

"Nani aliyegundua?"

"Mimi nilikuwa chini ya trekta," fundi alisema. "Waulize wenye mikono myeusi."

Babu alitazama mikono ya Asimina. Fundi aliweka kilango kipya, akazisafisha plagi, akarudisha bomba.

Wakaanza safari ya kurudi. Babu alikaa dirishani. Kabla ya kutoka mjini, mshale wa joto ulianza kuinuka, ukasimama katikati. Hewa ya moto ilitoka miguuni. Mama alilegeza skafu. Walipovuka mlima na kuanza kushuka upande wa ziwa, wakalipita kanisa, babu alisema, "Usiende nyumbani. Shuka mpaka chini. Magunia yenu ya majaribio bado yako nyuma?"

"Yapo, baba."

"Basi geuza tupande. Nataka nione mwenyewe."

Mama aligeuza gari ukingoni mwa ziwa. Aliingiza gia ya tatu, akakanyaga mafuta. Kanela ilivuta. Ilipita pale ilipozoea kulegea, ikapita penye mwinuko mkali, na mkono wa mama ulibaki kwenye usukani. Kanisa lilipita dirishani bila gia kushushwa. Asimina alishika dashibodi kwa mikono miwili, mpaka barabara ilipolala tambarare.

Babu alivua kofia, akaiweka gotini.

"Nipeleke mkahawani," alisema.

Wazee walikuwepo, na Stergios alikuwepo, na mwanawe Stratos akinywa soda mlangoni. Babu Lazaros hakukaa. Alisimama katikati, Asimina akiwa nyuma yake, akagonga fimbo sakafuni mpaka karata zikatulia.

"Hapa hapa nilimsema Agroni kwamba ananiibia mafuta," alisema. "Nilisema uongo. Sikujua kuwa ni uongo, lakini sikutafuta kujua, na hilo ni baya vilevile. Mafuta yalikuwa yakitoka kwenye bomba la moshi, mbele ya macho yangu, kila asubuhi. Maneno yale niliyasema hapa, nayafuta hapa. Aliyeyabeba kwenda nyumbani kwake, na ayarudishe."

Stergios alitazama karata zake. Stratos alishusha chupa.

Kutoka hapo babu alikwenda kwa miguu mpaka nyumba ndogo nyuma ya shamba. Agroni alifungua mlango. Nyuma yake kulikuwa na maboksi mawili yaliyokwisha kufungwa kamba, na Drita amekaa juu ya moja.

Babu alirudia maneno yaleyale, bila kupunguza. Agroni alimsikiliza mpaka mwisho. Hakutabasamu.

"Mzee Lazaros," alisema, "nimekula mezani kwako miaka yote hii. Ungeniuliza tu."

"Ningekuuliza. Ni kweli. Nilikuwa nimekwisha kumpata mwizi kabla ya kumtafuta." Babu alinyoosha mkono. "Sikuombi usahau. Nakuomba usihame."

Agroni aliangalia ule mkono. Kisha akaushika, akamvuta mzee ndani, kwa maana nje kulikuwa na baridi, akamwambia Drita aweke kahawa. Drita alishuka kwenye boksi. Alipopita karibu na Asimina alimkanyaga mguu kwa makusudi, na Asimina akajua mambo yamerudi mahali pake.

Mpaka maharage ya mwisho yalipofika ushirika, tangi liliwapeleka sokoni, likawarudisha, na likabakiza ya shambani. Lakini hilo lilikuja baadaye. Jioni ile, kikombe mkononi, babu Lazaros aliwaita wasichana wakae mbele yake.

"Mimi ni mzee, na leo nimefundishwa," alisema. "Basi nanyi lichukueni somo hili, msije mkalilipia kama mimi. Jambo likiharibika, chunguzeni jambo lenyewe kabla ya kumchunguza mtu. Fungueni boneti. Angalieni kimoja kimoja, na mkichoka, endeleeni, kwa sababu kuchoka si jibu. Kumtupia mtu lawama ni kazi ya dakika moja, ndiyo maana wavivu tunaipenda. Na siku mkikosea mbele ya watu, msiombe radhi chumbani. Rudini palepale mlipokosea."

Kisha akamgeukia Agroni, akauliza kesho magunia yatapakiwa saa ngapi.

"Alfajiri," Agroni alisema. "Lakini ufunguo wa banda unao wewe, mzee."

Babu aliutoa mfukoni, akauweka mezani mbele ya Agroni.